Ushirikiano Huzukaje Kwenye Mtandao? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyo hapa huulizwa na wanafunzi wa biolojia, hisabati, uchumi na kompyuta wanapokutana na nadharia ya michezo ya mageuko. Baadhi ya majibu ni mafupi kwa kuwa swali lenyewe halina mzunguko. Mengine yamerefuka, na hayo ndiyo yenye mambo ambayo wengi huyapita haraka halafu wakakwama baadaye.

Kwa nini ushirikiano uhitaji maelezo? Si ni jambo la kawaida tu?

Ni la kawaida ukitazama viumbe, lakini hesabu ya uteuzi asilia ikifanywa kwa pupa inasema usingekuwepo. Chukua kiumbe anayelipa gharama c ili mwenzake apate faida b, na b ni kubwa kuliko c. Wawili wakipeana, kila mmoja anabaki na b − c, na wote wawili wako mbele kuliko kama kila mtu angekaa na chake. Lakini yule anayepokea bila kutoa anabaki na b nzima. Tumwite wa kwanza mtoaji na wa pili mdoezi.

Sasa wachanganye wote na uwaache wakutane kwa nasibu. Mtoaji na mdoezi wana bahati sawa ya kukutana na mtoaji, kwa hiyo wanapokea sawa. Tofauti yao ni kwamba mtoaji amelipa c na mdoezi hakulipa kitu. Mdoezi anakuwa mbele kwa c kamili, hata kama watoaji ni wengi kiasi gani. Aliye mbele huacha watoto wengi zaidi, watoaji hupungua kizazi hadi kizazi, na mwisho wanakwisha. Wakishakwisha, kila mmoja anapata sifuri. Yaani uteuzi umelisukuma kundi zima hadi mahali pabaya kuliko lilikoanzia.

Mchezo huu ni sura nyepesi ya mtanziko wa mfungwa, uliobuniwa na Merrill Flood na Melvin Dresher mwaka 1950 huko Marekani na kupewa jina na Albert Tucker.

Je, wanaocheza wanafikiri na kupanga?

Hapana. John Maynard Smith na George Price walionyesha mwaka 1973 kwamba mchezo unaweza kuchambuliwa bila mchezaji mwenye akili. Mkakati ni tabia inayorithiwa, malipo ni uwezo wa kuzaa, na anayechagua ni uteuzi wenyewe. Bakteria anacheza, chachu inacheza. Binadamu naye anaweza kuingizwa humo, ila kwake kurithi hugeuka kuwa kuiga, na mabadiliko hayo si madogo kama tutakavyoona mbele.

Mtandao unaingilia wapi?

Kwenye ile dhana ya kukutana kwa nasibu. Katika maisha, karibu hakuna anayekutana na kila mtu. Seli hugusana na seli za jirani, mmea huangusha mbegu karibu na shina lake, mtu huongea na watu aliozoeana nao. Tunachora hali hiyo kwa nodi na viungo: kila nodi ni mchezaji, kila kiungo ni uhusiano wa kucheza pamoja, na mara nyingi ni njia pia ambayo watoto au tabia hupitia.

Viungo hivyo vinafanya jambo moja kubwa. Mtoto hukaa karibu na mzazi, kwa hiyo watoaji hujikuta wakizungukwa na watoaji, na wadoezi wakizungukwa na wadoezi waliotokana nao. Hakuna aliyepanga wala aliyemtambua mwenzake. Vishada vinajitengeneza vyenyewe, na ndani ya kishada faida ya mtoaji inamwangukia mtoaji mwenzake.

Naomba nione hilo likitokea hatua kwa hatua.

Chukua karatasi ya miraba. Kila mraba una majirani wanne: juu, chini, kushoto, kulia. Kila mchezaji hucheza na majirani wake wote wanne, kisha wote kwa pamoja wanamtazama aliyepata malipo makubwa zaidi kati ya majirani na nafsi zao, na kumwiga. Weka b = 3 na c = 1. Mtoaji analipa 4 kila raundi, moja kwa kila jirani, na kupokea 3 kwa kila jirani aliye mtoaji.

Jaza karatasi yote wadoezi, kisha weka watoaji wanne wakiwa mraba wa 2 kwa 2. Kila mtoaji ana wenzake wawili, anapata 6 − 4 = 2. Mdoezi anayewagusa anagusa mmoja, anapata 3. Kila mtoaji anaona jirani mwenye 3, anamwiga, na raundi inayofuata kishada hakipo tena.

Futa, weka watoaji tisa wa 3 kwa 3. Wa katikati ana wenzake wanne, anapata 8. Wa katikati ya ubavu ana watatu, anapata 5. Wa pembeni kwenye kona anapata 2 tu, na wadoezi wanaomgusa wana 3, lakini yeye ana jirani wa ubavuni mwenye 5, kwa hiyo anabaki mtoaji. Mdoezi aliye mbele ya katikati ya ubavu anaona 5 dhidi ya 3 yake na kugeuka. Kishada kimeota vichwa vinne na sasa kina watoaji 13.

Halafu kinaganda. Mdoezi aliyebaki kwenye pengo kati ya kichwa na kona sasa anagusa watoaji wawili, anapata 6, na wale wawili anaowagusa wana −1 na 2. Hawezi kuwaiga. Lakini wao nao wana jirani wa ndani mwenye 8, kwa hiyo hawamwigi yeye. Raundi zikiendelea, picha haibadiliki. Ningependa kila anayeanza mada hii afanye zoezi hili kwa penseli kabla ya kugusa kompyuta, kwa sababu limebeba karibu kila kitu: kishada kidogo mno hufa, kikubwa kiasi hupona kwa nguvu ya walio ndani, na mpaka wake hutegemea nani anamgusa nani.

Ukipandisha b hadi 5, kona inapata 6 na mdoezi anayeigusa 5. Hapo kishada cha tisa kinapanuka pande zote, kinafika 21 kwa hatua moja, na hakigandi kwenye hatua inayofuata.

Nani alikuwa wa kwanza kuonyesha hili?

Martin Nowak na Robert May, mwaka 1992. Walitumia gridi yenye majirani wanane, mchezaji akicheza pia na nafsi yake, na mtoaji akiwa analipwa 1 akikutana na mtoaji huku mdoezi akilipwa b akikutana naye (b hii ni malipo ya kudoea, si ile faida b ya mwanzo). Hapakuwa na kumbukumbu wala nipe nikupe. b ilipokuwa kati ya 1.8 na 2, watoaji na wadoezi walifukuzana bila kutulia, na kwa muda mrefu sehemu ya watoaji ilizunguka kwenye 0.318 hivi bila kujali mwanzo ulikuwaje. Ukianza na mdoezi mmoja katikati ya watoaji watupu, unapata michoro yenye ulinganifu mzuri ajabu inayobadilika kila hatua.

Mwaka uliofuata Bernardo Huberman na Natalie Glance walitoa pingamizi zito. Katika ule mfano wote hubadilika kwa wakati mmoja, kama wanaofuata king'ora. Walipoacha wachezaji wabadilike mmoja mmoja, watoaji walipotea kwa malipo yale waliyoyajaribu. Nowak na wenzake walijibu mwaka 1994 kwamba kwa thamani nyingine nyingi za b watoaji hudumu hata saa zikitofautiana. Pande zote mbili zilikuwa na jambo. Funzo la kiufundi ni kwamba ratiba ya mabadiliko ni sehemu ya mfano wenyewe.

Ile kanuni ya b/c > k inatoka wapi?

Kutoka kwa Hisashi Ohtsuki, Christoph Hauert, Erez Lieberman na Martin Nowak, mwaka 2006. Inasema kwamba katika mtandao mkubwa ambao kila nodi ina majirani k, uteuzi huwapendelea watoaji ikiwa faida ikigawanywa kwa gharama inazidi idadi ya majirani. Ni kanuni fupi kiasi cha kutia shaka, kwa hiyo inafaa kuifungua.

Mabadiliko yanakwenda hivi: nodi moja inakufa kwa nasibu, na majirani zake wanashindania nafasi ile kulingana na malipo yao. Tuite utaratibu huu kifo-kisha-uzazi. Tuseme kati ya washindani yupo mtoaji mmoja na mdoezi mmoja. Wote wawili waliigusa nodi iliyokufa, kwa hiyo hapo walipata sawa. Tofauti yao iko kwa majirani wao wengine k − 1. Uteuzi ukiwa hafifu, yaani mchezo ukichangia kiasi kidogo tu katika uzazi, hesabu ya jozi, yaani inayofuatilia nodi mbili mbili zilizo jirani, inaonyesha kwamba uwezekano wa jirani wa mtoaji kuwa mtoaji unazidi ule wa jirani wa mdoezi kwa 1/(k − 1). Zidisha kwa k − 1: mtoaji ana, kwa wastani, mtoaji mmoja zaidi kuliko mshindani wake. Huyo mmoja anamletea b. Na kwa kuwa mtoaji anampa kila jirani, analipa kc. Atashinda ikiwa b inazidi kc.

Ndiyo maana yote. Kote kule kujipanga kwa vishada kunaishia kuwa na thamani ya rafiki mmoja wa ziada, na swali ni kama rafiki huyo analipa gharama ya majirani wote.

"Uteuzi kuwapendelea" maana yake nini hasa? Watoaji watatawala?

Maana yake ni nyembamba kuliko inavyosikika. Weka mtoaji mmoja katika kundi la wadoezi. Kama tabia haikuwa na athari yoyote, uwezekano wa uzao wake kutamalaki kundi zima la N ungekuwa 1/N, kwa bahati tu. Uteuzi unampendelea ikiwa uwezekano huo unazidi 1/N. Kwenye kundi la 100, kizingiti ni asilimia 1. Mtoaji anayependelewa bado mara nyingi atapotea. Atakachopata ni nafasi bora kuliko bahati tupu.

Kundi likiwa dogo, kanuni inabaki ileile?

Inakuwa kali zaidi. Sharti ni b/c > (N − 2)/(N/k − 2). Kwa watu 100 wenye majirani 4 kila mmoja, kizingiti ni takriban 4.26 badala ya 4. Wakiwa na majirani 10, ni 12.25. Majirani wakifika nusu ya kundi, kigawanyo kinakuwa sifuri na hakuna faida yoyote, hata iwe kubwa namna gani, inayoweza kuwaokoa watoaji. Tumerudi kwenye kundi lililochanganyika.

Kwa hiyo majirani wachache ni bora kila mara?

Kwa mchezo huu na utaratibu huu, ndiyo.

Kwa nini unasisitiza "utaratibu huu"?

Kwa sababu ukiugeuza, matokeo yanapinduka, na hapa ndipo naona mada yote ilipo. Chukua mtandao uleule, mchezo uleule, malipo yaleyale. Badala ya kuanza na kifo, anza na uzazi: mmoja anachaguliwa kuzaa kulingana na malipo yake, kutoka kundi zima, na mtoto wake anamwondoa jirani mmoja kwa nasibu. Sasa, kwenye mtandao ambao wote wana majirani sawa, watoaji hawapendelewi kamwe uteuzi ukiwa hafifu. Hakuna b inayotosha.

Nini kimebadilika? Umbali wa ushindani. Katika kifo-kisha-uzazi, wanaoshindana ni majirani wa nodi iliyokufa, yaani wako hatua mbili kutoka kwa mwenzao. Ninachompa jirani yangu wa karibu hakimwendei mshindani wangu moja kwa moja. Katika uzazi-kisha-kifo, ninayeweza kuondolewa naye ni jirani yangu mwenyewe. Kila ninachompa kinamwongezea nguvu ya kuniondoa. Viungo vinavyonikutanisha na watoaji wenzangu ndivyo vilevile vinavyonifanya nishindane nao, na mambo hayo mawili yanafutana.

Huu ndio moyo wa jambo. Watu wengi husoma kwamba mtandao huleta ushirikiano na kuishia hapo. Mtandao hauleti. Unaamua vitu viwili kwa pamoja: nani anapokea ninachotoa, na nani anagombania nafasi na mimi. Ushirikiano hupata upenyo pale miduara hiyo miwili inapoachana, mduara wa kupokea ukiwa mdogo kuliko ule wa kushindana.

Kuna utaratibu wa tatu ulio katikati: mchezaji anatazama majirani pamoja na nafsi yake, na anaweza kubaki alivyo. Hapo sharti ni b/c > k + 2. Kwa kuwa naye ni mmoja wa washindani, mambo yanakuwa magumu kidogo zaidi.

Mitandao halisi haina majirani sawa. Wengine wana viungo vingi mno. Inakuwaje?

Francisco Santos na Jorge Pacheco walilijaribu hilo mwaka 2005 kwenye mitandao ya aina waliyoieleza Albert-László Barabási na Réka Albert mwaka 1999, ambamo nodi chache ni vitovu vyenye viungo vingi sana na nyingi zina vichache. Ushirikiano ulistawi kuliko kwenye gridi, kwa tofauti kubwa.

Sababu iko kwenye kitovu. Mdoezi akikalia kitovu, anakusanya mengi, majirani wanamwiga, wanakuwa wadoezi, na mapato yake yanaporomoka kwa sababu hakuna tena wa kumpa. Mafanikio yake yamekata mizizi yake. Mtoaji akikalia kitovu, anaigwa, na kila anayemwiga anamrudishia faida.

Lakini angalia jinsi malipo yanavyohesabiwa. Kitovu chenye viungo 50 kinacheza michezo 50, na malipo yakijumlishwa kinamshinda mwenye viungo 3 hata kikicheza vibaya. Ukitumia wastani wa malipo kwa kila mchezo, au ukiweka gharama ya kudumisha kila kiungo, ubora ule wa vitovu hupungua sana na mara nyingi hupotea. Ukisoma makala yoyote kuhusu vitovu, tafuta kwanza kama malipo ni jumla au wastani. Mengi yanaamuliwa hapo.

Kuna kanuni moja ya mtandao wowote, hata usio na mpangilio?

Ipo, kwa uteuzi hafifu na kifo-kisha-uzazi. Benjamin Allen na wenzake waliitoa mwaka 2017. Wanarudisha muda nyuma: chukua nodi mbili na uulize ni muda gani umepita tangu mababu zao walipokuwa mmoja. Kadiri muda huo ulivyo mfupi, ndivyo uwezekano wa kufanana tabia ulivyo mkubwa. Tuite t1 wastani wa muda huo kwa nodi zilizo kwenye ncha za matembezi ya nasibu (kila hatua ukifuata kiungo chochote kwa bahati) ya hatua moja, t2 ya hatua mbili, t3 ya hatua tatu. Sharti ni b/c > t2/(t3 − t1), ilimradi t3 izidi t1.

Zisome hatua hizo na utaona hadithi ileile. Hatua mbili ndipo alipo mshindani wangu. Hatua moja ni majirani wanaonipa mimi. Hatua tatu ni majirani wanaompa mshindani wangu. Watoaji wanapata nafuu pale wanaonipa mimi wanapokuwa ndugu zangu wa karibu kuliko wanaompa yeye.

Mtandao wa nyota, wenye kitovu kimoja na matawi matupu, unaonyesha makali ya kanuni hii. Hatua moja kwenye nyota huunganisha kitovu na tawi, na hatua tatu vilevile. t3 na t1 zinalingana, kigawanyo ni sifuri, na ushirikiano haupendelewi kwa faida yoyote. Kinachosaidia zaidi kuliko vyote, kwa mujibu wa kazi hiyo, ni viungo vizito vya jozi: nodi mbili zinazoshikana kwa nguvu kuliko zinavyoshikana na wengine. Kwenye baadhi ya mitandao t3 iko chini ya t1, na hapo kinachopendelewa ni husuda, yaani kujigharimu ili kumwumiza jirani.

Hii si nadharia ya Hamilton tu kwa nguo mpya?

Kwa sehemu kubwa ni undugu wa damu moja. William Hamilton alionyesha mwaka 1964 kwamba tabia ya kusaidia huenea ikiwa rb > c, ambapo r ni kiwango cha undugu. Kwenye mtandao, 1/k inakaa mahali pa r. Faida ya njia ya mtandao ni kwamba inakulazimisha kuuliza undugu huo unapimwa dhidi ya nani, jambo ambalo kanuni ya Hamilton ikisomwa kijuujuu hulificha.

Mtandao ukiondolewa, nipe nikupe haitoshi?

Inatosha mahali pake. Robert Trivers aliieleza mwaka 1971, na Robert Axelrod pamoja na Hamilton wakaichambua mwaka 1981: wachezaji wakikutana tena na tena na kukumbuka, anayetoa kwa anayempa anaweza kudumu. Lakini inahitaji kumbukumbu na kukutana upya. Vishada vya kwenye mtandao havihitaji hata kimoja, ndiyo maana vinamfaa bakteria. Njia hizi mbili huchanganyika vizuri pia.

Je, kuna mchezo ambao mtandao unaudhuru ushirikiano?

Upo, na usiupite. Kuna mchezo ambao faida ya kazi inamfikia mfanyaji mwenyewe pia, kwa hiyo ni afadhali kutoa peke yako kuliko wote kukaa bure. Hapo hata kundi lililochanganyika lina mchanganyiko imara wa watoaji na wadoezi, kwa sababu walio wachache ndio wanaofaidi. Hauert na Michael Doebeli walionyesha mwaka 2004 kwamba ukiwapanga wachezaji hao kwenye gridi, ushirikiano mara nyingi hupungua. Vishada vinawanyima watoaji ile nafuu ya kuzungukwa na wasiofanana nao.

Chachu ya kuokea mikate iko kwenye hali inayokaribia hiyo. Ili kula sukari ya kawaida, seli hutoa kimeng'enya kinachoivunja nje ya utando wake. Jeff Gore na wenzake waliripoti mwaka 2009 kwamba kama asilimia 99 ya sukari iliyovunjwa hutawanyika kwa wengine na seli iliyofanya kazi hubaki na asilimia 1 tu. Asilimia hiyo moja ndogo ilitosha kuwafanya watoaji wasipotee, na seli za kutoa na za kudoea zikaishi pamoja kwenye chupa zilizochanganywa vizuri.

Kuna jaribio lililogusa suala la umbali wa ushindani?

Lipo, na kwangu ni mojawapo ya majaribio mazuri zaidi katika uwanja huu. Ashleigh Griffin, Stuart West na Angus Buckling walifanya kazi mwaka 2004 na bakteria Pseudomonas aeruginosa, ambaye hutoa molekuli za kunasa madini ya chuma. Molekuli hizo zikishatoka nje, seli yoyote iliyo jirani inaweza kuzitumia, hata isiyotoa kitu. Walipofanya majirani wawe ndugu, watoaji walistawi. Lakini walipofanya ushindani pia uwe wa ndani ya kikundi kilekile, ubora ule ulipungua. Undugu wa karibu peke yake haukutosha, ilibidi ushindani uwe mbali.

Na binadamu? Wakiwekwa kwenye mtandao wanafanya vile mifano inavyosema?

Mara nyingine. Mwaka 2012 watafiti huko Uhispania, wakiongozwa na Carlos Gracia-Lázaro, waliwachezesha watu 1,229 mtanziko wa mfungwa kwenye mitandao mikubwa miwili, mmoja wa gridi na mwingine wenye vitovu. Ushirikiano ulishuka na kutulia kwenye kiwango kilekile kwenye yote miwili. Umbo la mtandao halikuleta tofauti.

Maelezo yao yanaeleweka ukitazama watu walivyoamua. Hawakuwa wakimwiga jirani mwenye malipo makubwa. Walitazama ni majirani wangapi walitoa raundi iliyopita, na wao wenyewe walikuwa wametoa au la, kisha wakaamua. Mifano mingi ya vitovu inategemea kuiga mwenye mapato, na pasipo kuiga huko mashine ile haiwaki.

Mwaka 2014 David Rand, Nowak, James Fowler na Nicholas Christakis waliripoti kwamba mtandao usiobadilika unaweza kudumisha ushirikiano wa binadamu, ilimradi b/c izidi k, kama ile kanuni ya 2006 inavyodai. Ukipunguza faida au ukiongeza majirani kupita kizingiti hicho, unashuka. Sioni mgongano kati ya matokeo haya mawili. Kuwepo kwa mtandao hakutoshi, namba lazima zikubali.

Mtandao wenyewe ukiweza kubadilika?

Hapo binadamu hung'aa. Katika majaribio ya Rand, Samuel Arbesman na Christakis ya mwaka 2011, watu walipopewa nafasi ya mara kwa mara ya kukata viungo na kuunda vipya, waliwakata wadoezi na kujiunga na watoaji, na ushirikiano ulidumu. Viungo vilipogandishwa au kubadilishwa kwa nadra, ulififia. Kasi ndiyo muhimu: mtu awe na uwezo wa kuondoka kabla hajakata tamaa na kuanza kudoea mwenyewe.

Nataka kuandika programu yangu ya kuiga haya. Nianze wapi?

Anza na gridi ya 50 kwa 50 iliyounganishwa kingo kwa kingo, majirani wanne, na ule mchezo wa b na c. Hakikisha programu inatoa kile kishada cha watoaji 13 kilichoganda kabla hujaiamini kwa lingine lolote. Kisha ondoa mabadiliko ya pamoja na uweke kifo-kisha-uzazi, nodi moja kwa wakati.

Usitumie kumwiga aliye bora bila kukosea. Tumia sheria yenye kelele, ambapo mwenye malipo madogo naye huigwa mara chache. György Szabó na Csaba Tőke walitumia sheria ya namna hiyo mwaka 1998, na wengi wanaifuata hadi leo. Sheria isiyo na kelele hutoa picha nzuri lakini huganda mahali ambapo viumbe halisi wasingeganda.

Rudia kila mpangilio mara nyingi kwa mbegu tofauti za nasibu, kwa sababu mwendo mmoja wa kundi dogo hauonyeshi chochote. Ukipata ushirikiano mwingi, geuza utaratibu uwe uzazi-kisha-kifo bila kugusa kitu kingine na uendeshe tena. Kisha gawanya malipo ya kila nodi kwa idadi ya viungo vyake na uendeshe mara ya tatu. Weka grafu hizo tatu kwenye ukurasa mmoja, na uandike chini ya kila moja nani alikuwa akishindana na nani.